Kiazi chenye Sumu cha Tamil Nadu

Gloriosa superba ni mmea wa Afrika na Asia unaopanda vichaka kwa kushika matawi kwa ncha za majani yake. Maua yake ni mekundu yenye kingo za manjano. Chini ya udongo kuna kiazi chenye panda mbili. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliupa jina hilo mwaka 1753, lakini waganga wa Ayurveda nchini India walikuwa wakiutumia tangu kale. Waliuhesabu miongoni mwa sumu ndogo, hivyo kiazi hakikutumiwa kibichi: kilikatwa vipande, kikalowekwa katika mkojo wa ng'ombe, kikaoshwa na kuanikwa. Mama aliyechelewa kujifungua alipakwa rojo lake kitovuni.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu ya msingi. Mmea wote una kolchisini, kemikali ambayo wanakemia Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820 kutoka kwa mmea wa Ulaya wa jamii hiyohiyo, na ambayo leo hutibu jongo. Mahitaji ya viwanda vya dawa yaliugeuza mmea huu wa porini kuwa zao la biashara huko Tamil Nadu, ambako pia ni ua rasmi la jimbo. Wakulima huchavusha maua kwa mkono, moja baada ya jingine, kwani fedha iko kwenye mbegu. Kiazi kikiliwa kwa kudhaniwa kuwa chakula, huua.