Boksi Lifunguliwe Mbele ya Nani?

Bibi yangu alikulia Kariakoo enzi za Mwingereza, na hakuna alichokiogopa kama kulazwa. Aliamini mumiani wapo hospitalini, wananyonya watu damu ili itengenezwe dawa. Tulipomcheka, alituuliza kama tuliwahi kuona damu inayochukuliwa inapelekwa wapi. Nilipokuja kuwa nesi, swali lile niliacha kulicheka.

Tangu mwanzo hospitali ya serikali haikumwonyesha Mwafrika kitu. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga ile ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi wakatengewa nyingine, iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Mwaka 1956 Waingereza wakafungua Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Milango ikawa ya wote, na hilo si jambo dogo. Lakini dawa zinaingiaje na kutokaje, mwananchi hakuhusishwa.

Hata kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ninayoipenda mpaka leo, ilikuwa ya kuelekezwa. Watu kama milioni mbili walikaa vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Zahanati ilibaki ya bwana mganga.

Kilichobadili mambo, kusema kweli, ni pesa. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwachangisha wagonjwa hospitalini. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza kwa majaribio Igunga, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Uchangiaji uliwaumiza maskini, siutetei. Ila mtu aliyetoa hela yake hanyamazi, na kamati za vituo zenye wawakilishi wa wananchi zikapata la kuuliza.

Kituo nilichomalizia utumishi kilikuwa na mwenyekiti wa kamati ambaye kazi yake ni kukaanga samaki. Gari la Bohari ya Dawa likifika, anafunga biashara, anakuja na miwani yake. Boksi haliguswi mpaka afike. Anashika hati ya mzigo, anahesabu makopo ya parasetamoli, dawa mseto, glovu, kimoja kimoja, sisi tumesimama juani tunanung'unika. Safari moja amoksilini haikuletwa kabisa. Alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa akasema haikuja, amehesabu kwa mkono wake. Yale maneno ya kwamba manesi wameuza dawa yakapoa wiki hiyohiyo. Ningesimama mimi na sare yangu nyeupe, wangenizomea. Wala nisingewalaumu, maana wauzaji kweli walikuwepo, na tuliwajua.

Ndiyo maana semina za kujenga imani ya jamii, zenye fulana na soda, hunichosha. Sanduku la maoni lenye kufuli ambalo ufunguo wake anao mganga mfawidhi peke yake halijengi imani ya mtu.

Sasa tuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, na watakaochangia ni wengi kuliko wakati wowote. Wewe uliyechaguliwa kwenye kamati, ukiletewa daftari usaini huku boksi zimeshafunguliwa, usisaini.