Tarehe ya Gumha, Mfumu na Manju

Watu wa Bariadi wakitusikia sisi wa Nassa tukizungumza ngoma, hucheka: eti tunajidai kwa sababu Ziwa Victoria liko mlangoni. Na wacheke. Naandika habari za Gumha jinsi wazee walivyotuachia, maana vijana wa leo wanawataja Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, kana kwamba ni Simba na Yanga, na mwanzo wao ulikuwa uganga.

Gumha alikuwa mfumu, yaani mganga, katikati ya karne ya 19, Mdachi hajafika bado. Alijua mizizi, na alijua kutunga. Kwetu kazi hizo mbili hazikuwa mbali. Dawa ina nyimbo zake, na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, asiye na dawa ni mpiga kelele tu. Dawa iliyompa jina ni samba, dawa ya mvuto: aliyechanjwa nayo, watu humfuata. Wanafunzi wakamjia, wakachanjwa, wakafundishwa nyimbo, na hao ndio Bagalu. Ukoo wao ni wa dawa, hauendi kwa damu. Mwalimu humchanja mwanafunzi, na mwanafunzi akiwa manju huchanja wake, hivyo kila mmoja huweza kuhesabu kurudi nyuma hadi kwa Gumha.

Ngika naye alikuwa mfumu mwenye samba yake. Wafuasi wake ni Bagika.

Wakabishana samba ya nani ina nguvu. Hawakushikiana mikuki. Waliingia uwanja mmoja, saa moja, kila mtu na ngoma yake, na mwenye watu wengi akawa mshindi. Sheria ni hiyo hiyo mpaka leo: hakuna mwamuzi wala alama. Umati husimama upande huu. Upande wa pili wakirusha majembe ya bugobogobo juu na kuyadaka bila kupotea mdundo, au mmoja akitokea na chatu shingoni, basi utaona vumbi linatimka, watu wanakimbia, na manju aliyekuwa akiimbia elfu anabaki na watoto na mbwa. Hapo ndipo hutoa wimbo wa kumchamba mwenzake, na watu hurudi kusikiliza matusi.

Siku ile ya kwanza alishinda nani? Mgika atakuapia kuwa ni Ngika. Mimi ni Mgalu, na ushahidi wangu ni huu: lau Gumha angeshindwa, wanafunzi wangemkimbia, na leo kusingekuwa na Mgalu wa kubishana nawe. Nilimwambia hivyo mzee mmoja wa Kigika. Akanijibu, "Mjukuu wangu, na mimi nimekaa hapa mbele yako." Nikamwacha.

Na anayedhani nguvu za wacheza ngoma ni hadithi, amkumbuke Ng'wanamalundi, yaani Igulu Bugomola, aliyefariki mwaka 1936. Huyo alianzia kwenye ngoma. Wazee wanasema alikuwa akinyoosha kidole, mti unakauka ukiwa umesimama. Wajerumani walimfunga, na mpaka leo wazee wanasimulia kwamba kuta hazikumzuia. Usukuma mzima haujatoa jina lililoenda mbali kuliko lake.

Nirudi Nassa. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) walifungua kituo hapa mwaka 1888. Mwaka 1909 wakaja wa AIM (Africa Inland Mission), akiwamo Emil Sywulka. Waliobatizwa walitakiwa kuacha ngoma, na wengi waliacha, mchana.

Aliyelifungua fundo hilo alikuwa upande wa Wakatoliki, ukishika barabara ya kwenda Mwanza hadi Kisesa, pale Bujora. Padre David Clement, Mkanada wa Mapadre Weupe, alianza kazi hapo miaka ya 1950. Aliingiza ngoma na mahadhi ya Kisukuma katika ibada, akajenga na makumbusho. Hata sikukuu ya Ekaristi ikapata tamasha lake la ngoma, Bulabo, na humo Bagalu na Bagika wanashindana kama siku ya Gumha.

Mavuno yakishaingia ghalani, Juni mpaka Agosti, viwanja hujaa. Wilaya zimegawanywa, mwaka 2012 tukatolewa Magu tukawa Busega, mkoa wa Simiyu. Lakini mchezaji akifika uwanjani haulizwi wilaya. Huulizwa amechanjwa na nani. Na sisi huku tunajibu kwanza.