Kiwango cha umjini

Kiwango cha umjini ni kipimo kinachoonyesha ni kwa kiasi gani eneo fulani ni mji. Nachagua neno umjini na kuacha ukuaji wa miji kwa makusudi. Ukuaji ni mwendo: msomaji atadhani tunauliza mji unapanuka kwa kasi gani, kumbe tunauliza hali ya mahali hapa ilivyo sasa.

Machi 2020, Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kukipima ili nchi ziweze kulinganishwa. Ramani hugawanywa katika miraba ya kilometa moja kwa kilometa moja. Miraba inayopakana, kila mmoja ukiwa na watu wasiopungua 1,500 na jumla yao ikifika 50,000, huhesabiwa kuwa jiji. Hapa ningesema kitovu cha mji, kwa kuwa nchini Tanzania jiji ni hadhi ya kisheria. Ngazi ya kati huanzia watu 300 kwa mraba na jumla ya 5,000. Kinachobaki ni vijijini.

Neno vijijini nalo lina uzito wake. Wakenya husema mashambani, Zanzibar husema shamba, na maneno hayo yanataja mandhari na maisha. Tanzania Bara, kijiji ni ngazi ya utawala yenye mipaka, mwenyekiti na halmashauri yake. Mjini kuna mtaa. Kijiji kilichojaa watu kando ya barabara kuu, chenye maduka, gereji na nyumba za kupanga, kinaweza kubaki kijiji kisheria kwa miaka mingi. Visima na vyoo vya shimo vimebanana. Kipindupindu kikiingia huenea kwa kasi ya mjini, lakini mtafiti anayefuata mipaka ya utawala ataandika wagonjwa wale chini ya vijijini. Hapo msongamano hutueleza zaidi kuliko hadhi ya eneo.

Hata hivyo, msongamano peke yake hautoshi, na Nairobi ndiyo ushahidi ninaouona mzito kuliko wote. Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC kilichunguza mitaa ya mabanda ya jiji hilo. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 151 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa kitaifa wa 1998 ulikuwa umeonyesha 62 kwa Nairobi nzima na 113 kwa mashambani. Wastani wa jiji ulificha watoto waliokuwa hatarini zaidi kuliko wenzao wa mashambani, na mtunga sera aliyesoma neno mjini tu angeamini kwamba wako salama.

Malaria nayo imezoeleka kuitwa ugonjwa wa vijijini. Lakini mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi, aliyeonekana kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Djibouti mwaka 2012, huzaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya maji ya mjini.

Kwa hiyo ninawaomba watafiti na wahariri: neno mjini linapoingia kwenye jedwali, andikeni pembeni yake kipimo kilichotumika, kiwe sheria ya nchi, ufafanuzi wa sensa au msongamano wa watu. Na pale takwimu zinaporuhusu, mitaa ya mabanda ipewe safu yake.