Wati 75: historia fupi ya kompyuta ya gemu ya bei nafuu Eastlands

Wasomaji wangu, leo tuzungumze historia kidogo. Kijana wa Umoja, Donholm au Kayole akitaka kujiundia kompyuta ya gemu, swali lake la kwanza huwa: "Ninunue prosesa gani?" Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nikiulizwa hivyo hujibu kwa swali: hilo sanduku unaloanzia lina pawa saplai ya wati ngapi? Swali langu halikutoka hewani. Lina miaka ishirini nyuma yake.

Turudi miaka ya 2000. Wengi wa Eastlands walikutana na kompyuta kwenye saiba, na gemu walicheza kwenye PlayStation za mtaani kwa kulipia mechi. Kompyuta zilizoingia majumbani nyingi zilikuwa mitumba: mashine za ofisi za Ulaya zilizomaliza muda wake huko, ambazo hata leo madukani tunaziita ex-UK. Computers for Schools Kenya, shirika lililoanzishwa 2002, lilipeleka mashine za aina hiyo mashuleni. Kumbe basi, msingi wetu haukuwa mashine ya gemu. Ulikuwa mashine ya karani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa tundu la kadi. Kadi za grafiki zilikuwa za AGP, na kuanzia 2004 zikaanza kuhamia PCI Express. Matundu haya mawili hayaingiliani. Aliyenunua kadi mpya ya PCI Express kwa ajili ya Pentium 4 yenye AGP alibaki na pambo la mezani. Somo la kwanza hilo: bodi ndiyo huamua kadi, si mfuko wako.

Januari 2011 Intel ilitoa prosesa za Core i5 za kizazi cha pili, kama i5-2400 yenye koa nne. Ofisi zikazinunua kwa wingi ndani ya mashine kama Dell OptiPlex 790, na baada ya miaka kadhaa zikaanza kuziondoa. Nguvu ya kuhesabu ilikuwepo. Lakini karani hahitaji umeme mwingi, kwa hiyo nyingi zilikuwa na pawa saplai ndogo, za wati 240 hadi 320, bila waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa.

Halafu Februari 2014 Nvidia ikatoa GTX 750 Ti. Ilitumia wati 60 tu. Tundu la PCI Express lenyewe hutoa hadi wati 75, hivyo kadi hiyo haikulazimika kuwa na waya wa ziada. Bei ya kuzinduliwa ilikuwa dola 149, karibu shilingi 13,000 za wakati ule, kabla ya VAT ya asilimia 16 ambayo ilirudishwa kwenye kompyuta Septemba 2013. Aprili 2015 GTA V ikaja kwenye kompyuta, na kiwango chake cha chini kilikuwa Core 2 Quad Q6600, prosesa ya 2007! Mashine ya karani yenye i5 ilikuwa juu ya kiwango hicho. Ilikosa kadi tu, na kadi sasa ilikuwepo. GTX 1050 Ti ya 2016 ikafuata njia hiyo hiyo kwa wati 75.

Jaribu jipya lilikuja Septemba 15, 2022, Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki. Soko la dunia likajaa kadi zilizotumika, RX 580 zikiwamo, kwa bei ya kutupa. Lakini RX 580 inakula hadi wati 185. Ukiilinganisha na ile ya wati 60, tofauti ni wati 125. Cheza saa nne kila siku, ni nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Anayenunua tokeni kwa mia mia anajua maana yake. Na bado hujanunua pawa saplai mpya, ambayo mara nyingi haitoshei kwenye sanduku la Dell au HP, kwa sababu umbo na plagi zake ni za kiwanda.

Leo wimbi jingine linatufikia. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Ofisi nyingi zina sababu ya kuondoa i5 za kizazi cha sita na cha saba. Kwako si taka: nyingi ya gemu za Steam sasa hukimbia kwenye Linux kupitia Proton, iliyotoka 2018. Ila baadhi ya gemu za mtandaoni hukataa, kwa hiyo uliza kwanza.

Basi ukishuka Luthuli Avenue, fuata mpango huu: soma kibandiko cha pawa saplai, pima sanduku (jembamba linataka kadi fupi), ongeza RAM ifike GB 16, weka SSD, halafu ndipo uchague kadi. Prosesa iwe ile iliyokuja na sanduku.

Kwenye historia yetu, aliyeanza na wati ndiye aliyebaki na pesa ya kununua gemu. Haya, kazi kwenu!