Wosia wa Martin Luther

Sisi Walutheri tunazijua hoja 95. Wosia wa Luther hatuusomi. Aliuandika Januari 1542, mwili ukiwa umechoka kwa maradhi, akamwachia mkewe, Katharina von Bora, shamba la Zülsdorf, nyumba ndogo ya Wittenberg, vikombe na vito. Madeni nayo, yapata gulden 450, akayataja waziwazi.

Sheria ya Saksonia ilimpa mjane fungu dogo na kumweka chini ya wasimamizi. Luther alitaka watoto wamtegemee mama yao, si mama awatazame watoto mikononi. Ila wanasheria hakuwapenda (wala hakuficha), na utaratibu wao hakuufuata. Melanchthon, Bugenhagen na Cruciger walitia sahihi kama mashahidi, haikutosha.

Alipofariki Februari 1546, wosia haukuweza kusimama wenyewe. Ilibidi mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, authibitishe, na bado watoto wakawekewa walezi. Sisi tunaozika wazee wetu tunaujua ubishi huo, ule unaoanza matanga yakiisha. Shamba Katharina alilipata. Vita vilivyozuka mwaka uleule vikaliharibu.