Mizani ya Kahawa

Wazee wa kwetu Kilimanjaro walipoulizwa waliutokaje umaskini walitaja kahawa, na sisi tuliosomeshwa kwa kahawa hatukuwa na sababu ya kuwabishia. Bati la kwanza juu ya nyumba lilitokana na kahawa, karo pia. Lakini, ndugu msomaji, mti peke yake hautajirishi mtu. Mibuni ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi waliofaidika nayo walikuwa hasa walowezi, pamoja na machifu na watu wachache waliokuwa karibu na misheni.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Charles Dundas, aliyekuwa ofisa wa serikali pale Moshi, aliwahimiza wenyeji wapande kahawa vihambani mwao, katikati ya migomba. Walowezi wakaja juu. Walidai kwamba kahawa ya Mchagga itaeneza wadudu na magonjwa hadi kwenye mashamba yao, na kwamba wezi watapata pa kuficha kahawa ya wizi. Sababu nyingine haikutangazwa sana: mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Kwa jirani zetu Kenya, hoja za namna hiyo zilitosha kumzuia Mwafrika asilime kahawa kwa miaka mingi.

Kilichowaokoa watu wa Kilimanjaro ni kujipanga. Mwaka 1925 walianzisha chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Chama kilinunua dawa na mabomba ya kunyunyizia, kikakusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Hoja ya wadudu ikakosa mashiko. Nalikazia jambo hili kwa sababu siku hizi msaada kwa wakulima mara nyingi huja na miche na semina, picha hupigwa, na gari likishaondoka mkulima hubaki na mnunuzi yule yule na mizani ile ile.

Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNPA ikaipisha KNCU, muungano wa vyama vya msingi uliokuwa na meneja Mzungu. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kana kwamba ilikuwa harusi. Ukweli ni kwamba wakulima waliamriwa kuuza kahawa yao kwa KNCU tu, na bei ziliposhuka walitaka kujua fedha zao zinaishia wapi. Mwaka 1937 hasira zilifurika, watu wakavamia majengo ya ushirika. Waliovamia hawakuwa maadui kutoka mbali. Walikuwa wale wale wenye kahawa. Chama kilikuwa chao kwa jina, uamuzi ulikuwa wa wengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei ilipanda, na mwaka 1954 ilikuwa ya juu mno. Nilipopata akili, ushirika ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya maisha. Malipo ya kwanza yalitolewa ukishakabidhi kahawa, ya pili yalikuja mauzo yakikamilika. Hayo ya pili ndiyo yaliyotusomesha, maana yalikuja kwa mkupuo, wakati fedha za kwanza zilikuwa zimekwisha kuliwa na madeni. Baba alizitunza stakabadhi zake ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, tusikoweza kufika.

Mama hakuwa na stakabadhi. Kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, hata kama mama ndiye aliyeichuma, akaimenya na kuianika. Vya kwake vilikuwa ndizi na maziwa. Vitabu vya chama havikuwa na safu ya siku zake za kazi. Nyumba yetu ilihesabiwa kuwa ya watu wenye nafuu, nayo chumvi, mafuta ya taa na sabuni vilinunuliwa kwa ndizi karibu mwaka mzima.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa mkulima, miaka hiyo ilikuwa ya kungoja malipo na kuacha mibuni izeeke. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, wakalipa taslimu papo hapo, bila habari ya malipo ya pili. Kisha mwaka 2001 bei ya dunia ikaanguka kuliko ilivyowahi kuanguka kwa miongo kadhaa. Kuna waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Baba hakung'oa, aliacha tu kuipulizia dawa.

Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa wakati huo. Kwa maziwa hayo alimlipia mjukuu wake karo ya sekondari, na wanunuzi walipofika alfajiri alikuwa akiwapimia mwenyewe, kwa kopo lake.