Ugonjwa Uliosemwa Haupo: Presha Katika Afrika Mashariki

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet, la London, lilichapa makala fupi ya C. P. Donnison, daktari aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wenyeji wilayani South Kavirondo, magharibi mwa Kenya. Alikuwa amewapima presha watu wapatao 1,000. Mpaka umri wa miaka 40 hivi hawakutofautiana sana na Wazungu. Baada ya hapo presha ya Mzungu huzidi kupanda kadiri anavyozeeka, lakini ya kwao ilielekea kushuka. Akaongeza kwamba katika miaka miwili hospitali ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa na presha ya kupanda. Leo ni shida kupata ukoo, kuanzia Kisii mpaka Kilwa, usio na mtu anayemeza dawa za presha au aliyepooza upande mmoja. Rai yangu ni kwamba Donnison kwa sehemu kubwa alipima sawasawa. Kosa liliingia pale watu walipoacha kusema kwamba ugonjwa huu haupo hapa kwa sasa, wakaanza kusema kwamba si ugonjwa wa Waafrika. Athari za kosa hilo tunaziona bado wodini.

Wapo wanaodai kwamba vipimo vya zamani haviaminiki. Hoja yao inastahili kusikilizwa, lakini kifaa chenyewe hakikuwa kibovu. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaonyesha namba mbili zinavyopatikana. Unaujaza mkanda upepo mpaka damu isipite, unaweka kifaa cha kusikilizia kwenye kiwiko kwa ndani, unaachia upepo polepole huku zebaki ikishuka, na pigo la kwanza unalolisikia ndilo namba ya juu. Sauti zikipotea, umepata ya chini. Mtu akiwa na hofu namba hupanda, kwa hiyo kama watu wa Kavirondo walimwogopa daktari wa serikali, hofu hiyo ingewaongezea presha, isingewapunguzia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umri, maana wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa, na umri wa mzee ulikuwa wa kukisia. Tena malaria, minyoo na upungufu wa damu vilikuwa vimeenea, na mwili uliodhoofika huweza kuwa na presha ndogo. Nakubali kwamba mambo hayo yanapunguza uhakika kuhusu wazee. Hayatoshi kueleza jinsi presha kali ilivyokosekana kabisa miongoni mwa maelfu ya watu.

Picha ilianza kubadilika upesi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, J. N. P. Davies aliyekuwa akichunguza maiti miaka ya 1940 aliikuta mioyo iliyonenepa kwa kusukuma damu dhidi ya presha kubwa. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafundisha Mulago, aliishi kuyaona mabadiliko yote. Mwaka 1980 aliandika makala kuhusu nusu karne, 1928 hadi 1978, ambamo Wakenya na Waganda walitoka kwenye presha ya kawaida na kuingia kwenye presha ya kupanda. Damu ya ukoo haibadiliki kiasi hicho katika miaka 50. Kilichobadilika ni maisha: kodi iliyomlazimu mtu kutafuta kibarua mbali na kwao, posho ya unga, chumvi ya dukani, na mji.

Bado utasikia kwamba presha kali ni maumbile ya mtu mweusi, na ushahidi unaotolewa ni Wamarekani weusi, ambao kweli wanaugua kwa wingi. Jibu bora zaidi ninalolijua lilitoka tena magharibi mwa Kenya. Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana wa Kijaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki, wa umri na jinsia ileile. Matokeo yakachapwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji ilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo mjini. Mapigo ya moyo yalikuwa mengi zaidi, uzito ulikuwa umeongezeka, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi ikilinganishwa na potasiamu, alama ya mtu aliyeacha chakula cha shambani akaanza kula cha chumvi. Watafiti walijiuliza kama labda wenye presha ndio wanaopenda kuhama, na hawakuona dalili hiyo. Kabla yao, A. G. Shaper alikuwa ameona presha ikipanda kwa morani wa Kisamburu walioingia jeshini na kuanza kula posho yenye chumvi. Mtu wa ukoo uleule, akibadilishiwa chakula na mwendo wa siku, alibadilika.

Hapo huzuka jibu la haraka, kwamba basi turudi kwenye chakula cha babu na presha itaondoka. Kwa kinga hilo lina ukweli mwingi. Kwa tiba halitoshi, na kijiji chenyewe hakiko tena pale kilipokuwa. Utafiti uliochapwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Zaidi ya theluthi ya watu wazima wa Ilala walikuwa na presha, lakini hata Shari ilikuwa zaidi ya robo. Kati ya waliokuwa nayo, chini ya mmoja katika watano alijua. Waliodhibitiwa hawakufika asilimia 1. Tena presha ikishafika mbali, ukuta wa mshipa umenenepa, moyo umetanuka na figo zimeanza kuchuja vibaya, na mboga za majani peke yake hazirudishi hali hiyo nyuma. Nguvu ya dawa ilithibitishwa Marekani mwaka 1967 na Edward Freis, kwa wanaume 143 ambao namba yao ya chini ilikuwa 115 hadi 129. Kati ya 70 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 27 walipata madhara makubwa. Kati ya 73 waliopewa dawa, 2 tu. Sijui hoja gani ya asili au ya mababu inaweza kusimama mbele ya hesabu hiyo.

Hospitali zetu zilijengwa kwa ajili ya malaria, kifua kikuu na uzazi, na wazo kwamba presha si yetu lilirahisisha kuchelewa. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianza mwaka 1988, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam mwaka 2015. Wengine watasema mabingwa ni wachache na ni wa gharama, fedha ziende zahanati. Nakubaliana nao kuhusu wengi: ambaye namba yake ya juu huwa 150 anahitaji kipimo, dawa isiyokatika na mtu wa kumfuatilia karibu na nyumbani. Lakini mwenye 180 kwa 120 anayeumwa kifua, anayepumua kwa shida, anayeona ukungu au ambaye ulimi umekuwa mzito ni mgonjwa wa dharura, na kumshusha ghafla ni hatari vilevile. Kwa miaka mingi kote duniani aliwekewa nifedipini chini ya ulimi. Namba ilianguka, na wengine wakapata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa sababu ubongo na moyo vilikosa damu. Kufikia 1996 madaktari walikuwa wakitaka desturi hiyo ikomeshwe. Na yuko kijana wa miaka 25 mwenye presha kali isiyotii dawa tatu, ambaye mshipa wa figo umebana au tezi iliyo juu ya figo ina uvimbe. Huyo kuongezewa kidonge cha nne zahanati ni kumpotezea figo. Anahitaji rufaa, vipimo vya damu na picha, na bingwa anayejua anachokitafuta.